Gari Lililomeza Ng'ombe Wetu

Walipokuwa wakimwaga lami kwenye barabara ya Kisongo, wajukuu zangu walipita mbio wamebana pua. Mimi nilisimama. Nilisimama karibu na mapipa yaliyokuwa yakichemka mpaka kijana mmoja wa kazi ya barabara akaniuliza, "Shikamoo bibi, umepotea?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia sijapotea. Ningemwelezaje kwamba ile ndiyo harufu ya baba yangu? Wenzangu wa rika langu wakiwakumbuka baba zao, hukumbuka ugoro, au ngozi ya mbuzi, au maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Mimi nakumbuka lami iliyochanganywa na mafuta ya kondoo, na mikono iliyokuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Habari ya baba nimeisikia ikisimuliwa misibani na watu ambao hawakuwepo. Husema alirogwa na Wazungu. Hakurogwa. Alitaka kitu, akakitaka kuliko alivyotutaka sisi, na mimi mwanawe nilikitaka pamoja naye. Basi.

Tulikaa kwenye mteremko wa Meru, upande wa machweo. Chini yetu mji ulikuwa boma la Wadachi, maduka machache ya Wahindi, na vumbi. Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, ambaye kwa lugha yetu tulimwita Yeyo, kaka yangu Lemayan, morani aliyekuwa akisubiri kuoa, na mimi kitinda mimba, meno ya mbele ndiyo kwanza yameota upya. Ng'ambo ya mfereji alikaa kaka wa baba, yaani Baba Mkubwa, mtu mrefu aliyependa kuingia kwenye nyumba za watu bila kupiga hodi. Tulikuwa na migomba na mahindi, lakini ukituuliza sisi ni nani, tungekuonyesha ng'ombe.

Siku zile askari walikuwa wakipita kaya kwa kaya kuwachukua wanaume wakabebe mawe ya boma. Baba alichukuliwa na wenzake. Walibeba kutoka mtoni hadi juu, jiwe mgongoni, na aliyesimama kupumua alichapwa. Jioni Yeyo alimlaza kifudifudi, akampaka mafuta pale ngozi ilipochunika. Baba hakulia, lakini aliguna, na sauti ile ya kuguna ilinitoa nje nikakae na ndama.

Jioni moja alirudi mgongo umechanika vibaya kuliko siku zote, na alikuwa anacheka.

"Mama Lemayan," alisema kabla hata ya kulala chini, "leo nimeona kitu."

"Umeona nini, na damu inakutoka hivyo?"

"Gari la Kaburu. Lina magurudumu yaliyovishwa chuma, linavutwa na maksai wawili wawili. Mawe tunayobeba sisi sote kutwa nzima, lenyewe limebeba mara moja. Limepanda kilima kile kile. Halikuguna!"

"Tulia nikupake."

"Nakwambia halikuguna."

Yeyo aliendelea kupaka. Baba aliendelea kusimulia, sasa akichora magurudumu kwa kidole kwenye vumbi. Tangu siku ile, kazi ya mawe ilipomwachia, miguu yake ilimpeleka kwa yule Kaburu aliyefungua shamba karibu na mto, mtu wa ndevu nyekundu aliyekuja na familia yake kutoka nchi za kusini. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na gari la pili, la zamani, gurudumu moja limevunjika, kuku wanataga ndani yake. Baba alikuwa akienda kuliangalia gari lile kama vijana wanavyokwenda kisimani kuangalia wasichana.

Hakumwambia mtu. Asubuhi moja Yeyo alishuka mferejini kuchota maji, na aliporudi zizi lilikuwa limepwaya. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa zizi, nimeona kila kitu, na nilikuwa nimeambiwa ninyamaze.

"Narok yuko wapi?" aliuliza. Narok alikuwa ng'ombe wake mweusi, mwenye maziwa kuliko wote.

Baba alikuwa ameketi kwenye gogo. "Yuko kwa Kaburu."

"Narok nilipewa na baba yangu siku niliyotoka nyumbani kwake. Si wako."

"Nitakurudishia."

"Utanirudishia nini? Na wale mitamba?"

Hapo Lemayan akatokea. Mitamba wale walikuwa wametengwa kwa mahari yake, na binti alikwisha kupatikana, nyumba ya nne kutoka kwetu. Aliangalia zizi, akamwangalia baba. Kwa mila zetu mtoto akikutana na mzazi huinamisha kichwa, mzazi akamgusa utosini, hiyo ndiyo shikamoo yetu. Lemayan alimkaribia baba, na baba akainua mkono ili amguse. Lemayan akapita kichwa kiko juu. Mkono wa baba ulibaki hewani. Toka siku hiyo sikumwona kaka yangu akimwinamia tena.

Lile gari la kuku lililetwa likiburutwa na maksai wa Kaburu, likaegeshwa kando ya migomba. Baba Mkubwa alikuja kulitazama, akalizunguka mara kadhaa, akatema mate. "Lidude hili," alisema kwa sauti ili majirani wasikie, "limemeza ng'ombe wa ukoo mzima!"

Mimi niliamini. Mtoto akisikia mtu mzima anasema kitu kimemeza ng'ombe, ataelewa nini kingine? Gari lile lilikuwa na tumbo kubwa la mbao na mdomo mpana nyuma, na jua likiwa kali mbao zake zilitoa mlio, mlio mzito na mrefu. Nilibandika sikio. Nilikuwa na hakika namsikia Narok. Nikaanza kukata majani mabichi, nikayapenyeza kwenye nyufa za mbao kila asubuhi, nikimwita jina lake taratibu, nikimwambia avumilie.

Yeyo alinikuta. "Unafanya nini hapo?"

"Namlisha Narok."

Hakuelewa. Nikamweleza. Nilidhani atafurahi, kwa kuwa nilikuwa nimempata ng'ombe wake. Alicheka, na kile kicheko sikukipenda hata nikiwa mdogo vile. "Mlishe," akasema. "Mlishe vizuri. Na baba yako naye ataingia humo humo, utapata wa kulisha wawili."

Kwa hiyo nilianza kumlinda baba. Nilikuwa nakaa karibu naye akitengeneza gurudumu, ili mdomo wa gari ukimkaribia nipige kelele. Ndivyo nilivyojifunza kazi. Alinituma nyundo, akanituma kabari, akanionyesha jinsi ya kupaka ile lami na mafuta kwenye ekseli ili gurudumu lisisage. Mwishowe siku moja nilipanda ndani mwenyewe, nikakuta majani yangu yamekauka sakafuni na mavi ya kuku. Nilikaa humo muda. Nilikuwa nimempoteza Narok kwa mara ya pili, lakini pia hofu yangu ilikuwa imekwisha, na nilipotazama nje kutoka juu kule niliona migomba kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Ndani ya nyumba mambo yaliharibika. Yeyo aliacha kumpikia baba. Sisi alitupikia, akatenga loshoro yetu, mahindi ndani ya maziwa ya mgando, kwenye bakuli, na chungu akakifunika. Baba alichoma ndizi zake mwenyewe kwenye moto wa nje. Akisema neno, Yeyo alinijibu mimi. "Mwambie mtu huyo chumvi imekwisha." "Mwambie mtu huyo paa linavuja." Nami nilimwambia, wakati mtu huyo amekaa hapo hapo anasikia.

Kisha baba akaanza kuwafunga nira maksai wetu waliobaki, na hilo lilikuwa baya kuliko kuuza. Baba Mkubwa alikuja na wazee. Hawakuketi.

"Ng'ombe si punda," alisema mmoja wao.

"Najua," baba akajibu.

"Unawatia aibu wanyama. Unatutia aibu na sisi."

Baba aliweka chini ile nira. Akavua shuka begani, akawageuzia mgongo. Makovu yalikuwa yamejaa, mengine bado mekundu. "Mgongo huu ulipofanywa punda," alisema bila kugeuka, "nani kati yenu alikuja kulalamika?"

Waliondoka mmoja mmoja, na mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake hasamehe. Baba Mkubwa alivuka mfereji kurudi kwake bila kuaga. Majirani waliacha kutualika. Mazao yetu yalipoingiliwa na mbuzi wa watu, hakuna aliyekuja kusema pole.

Maksai wa gari wanahitaji mtu wa kutangulia mbele, ameshika ukanda wa ngozi uliofungwa kwenye pembe za wale wa kwanza. Kazi hiyo ilimpasa Lemayan. Alikataa. Watoto wa ukoo walikatazwa. Baba alinitazama mimi. Hakuniomba, aliuning'iniza ukanda kwenye kigingi akaenda kunawa.

Yeyo aliona. Aliniita ndani, akaniketisha, akanishika kidevu. "Mtoto wa kike hatembei mbele ya ng'ombe barabarani kama mateka. Ukishika kamba ile, usilale kwangu."

"Nitalala wapi?"

"Huko unakokutaka."

Nilitoka, nikauchukua ukanda. Mpaka leo sijui kama ilikuwa mapenzi kwa baba au hamu ya kuona kilichoko mbele ya barabara. Nadhani ilikuwa hamu. Nilitaka kwenda. Siku ile ya kwanza watoto wenzangu walinifuata hadi mwisho wa migomba wakinirushia kinyesi cha ng'ombe, wakiimba kwamba baba kaniozesha kwa maksai. Nilipofika barabara kubwa nilikuwa nimechafuka kichwa hadi miguu, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuieleza kwa mtu.

Tulibeba mbao za walowezi, matofali ya misheni, mahindi, magunia ya Mhindi. Tulipita Lemara, tukaenda mpaka ule mto wenye maji mekundu kama chai, wanaume wa Kimeru wakasimama kandokando kutushangaa. Nilijifunza Kiswahili kwa wapagazi na kwa wauza duka. Baba, ambaye nyumbani alikuwa kama gogo, barabarani aliongea bila kukoma. Aliongea na maksai, aliongea na magurudumu, alinisimulia habari za babu yake. Tulipoegesha ili maksai wanywe maji, nilimuuliza, "Baba, unataka nini hasa?" Maana watu wote walikuwa wakimuuliza hivyo kwa hasira, mimi nilitaka kujua tu.

"Nataka kuona mzigo unaondoka bila mtu kuguna," alisema.

"Na Yeyo?"

"Yeyo ataelewa ng'ombe wakirudi."

Hawakurudi. Kilichopatikana kilikwenda kwenye chuma, kwenye lami, kwenye maksai aliyevunjika mguu topeni. Kila tuliporudi Yeyo alinitazama kama mtoto wa jirani. Chakula alinipa, akakiweka kizingitini. Nililala kwenye banda la ndama, na nilisema sijali. Yule binti wa nyumba ya nne aliolewa na mtu mwingine, na siku ya arusi yake Lemayan alikaa mbele ya nyumba akinoa mkuki kutwa, chuma kikilia juu ya jiwe, mpaka baba akaondoka kwenda kulala shambani.

Vita ya Wazungu ilipoanza, tukasikia kwamba Wadachi wanachukua magari yote ya ng'ombe kupeleka mizigo ya askari. Baba alilisukuma gari ndani kabisa ya migomba, akalifunika kwa majani makavu. Usingeliona hata ukisimama karibu. Waliliona kwa sababu waliletwa. Baba Mkubwa hakujificha. Alitembea mbele ya askari na fimbo yake, akapita moja kwa moja mpaka kwenye majani, akayachoma kwa fimbo hiyo. "Hili hapa," alisema.

Askari wao mkubwa alikuwa mtu wa mbali, uso umechoka. Alizungumza Kiswahili, na Yeyo hakukijua. Yeyo akaniuliza mimi, mara ya kwanza baada ya siku nyingi kunitazama machoni. "Anasema nini?"

"Anasema gari linakwenda. Na maksai wote."

"Na baba yako?"

Nikamuuliza askari. Akainua mabega. "Dereva tunaye, mtu wa Kaburu. Mwenye gari akitaka abaki. Akitaka aje. Kwangu mimi ni mamoja. Ila nataka mtu wa kutangulia."

Nikamgeuzia Yeyo maneno hayo. Naye akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alipita mbele ya askari wote, akasimama mbele ya baba, na akamwambia yeye mwenyewe, si kupitia kwangu.

"Liache."

Baba alikuwa anafuta mikono kwenye shuka.

"Liache liende," Yeyo alisema tena, na sauti yake haikuwa laini, ilikuwa kama mtu anayemkemea mtoto aliye karibu na moto. "Sitauliza habari ya Narok. Nitakupikia. Leo leo nitakupikia. Liache."

Mimi nilikuwa natazama uso wa baba, na naapa nilimwona anataka kubaki. Midomo yake ilifunguka. Ndipo yule dereva wa Kaburu akapanda, akapiga mjeledi, na maksai wakavuta kabla kabari haijatolewa, gurudumu likasaga mawe kwa kelele mbaya. Baba akageuka kama aliyechomwa.

"Mpumbavu! Toa kabari kwanza!" Alikimbia, akaitoa, akachungulia ekseli. Alipoinuka hakumtazama Yeyo. "Watalivunja," alisema. "Hawajui. Watalivunja kabla ya kufika hata Kisongo." Akapanda.

Nilikwenda mbele kushika ukanda. Ilikuwa kazi yangu. Yeyo alinikamata mkono kwa nguvu nikadhani utang'oka, lakini hata hivyo nilivuta. Basi Lemayan ndiye aliyekuja, akanipokonya ule ukanda.

"Toka hapa," aliniambia. "Maksai wawili hawa ni wangu. Ng'ombe wangu waliobaki nitawafuata mwenyewe." Kisha akasema kwa sauti ili baba asikie kule juu: "Simfuati mtu."

Waliondoka hivyo, mtoto mbele na baba nyuma, hawasemezani. Yeyo hakuwasindikiza kwa macho. Alinisukuma ndani ya nyumba, ndani hasa, pale alipolala yeye, akafunga mlango, na usiku ule nililala kwenye ngozi yake. Chungu alichokuwa amekibandika jikoni kiliungua.

Lemayan alirudi baada ya Wadachi kuondoka na Waingereza kukaa bomani. Alikuwa amekonda, sikio moja halisikii. Yeyo alimpa maziwa, akasubiri amalize, kisha akasema, "Sema."

Alisema. Walipelekwa kusini, nchi za mbung'o, maksai wakafa mmoja mmoja. Alipokufa wa mwisho, askari walipakua mizigo wakawatwika watu vichwani, wakaendelea. Baba alikataa kuondoka. Alikaa chini kwenye kivuli cha gari. "Nilimwambia twende. Akaniambia, nenda wewe, wewe mama yako anakungoja, mimi haningoji. Nikamwambia ni kweli." Lemayan aliangalia mikono yake. "Nilimwacha amekaa."

Yeyo hakulia. Alichukua kibuyu kitupu akatoka nacho kwenda mferejini.

Baba Mkubwa alisubiri mvua zipite, kisha akaja, bila hodi kama kawaida yake, akaketi kwenye kigoda cha baba. Alikuja kwa mila: ndugu akifa, ndugu hurithi mjane, shamba na watoto. Alianza kwa maneno mazuri ya huzuni.

"Nani amekufa?" Yeyo alimuuliza.

"Ndugu yangu. Mume wako."

"Mwili uliuona?"

"Lemayan amesema—"

"Lemayan amesema alimwacha amekaa. Mtu aliyekaa hajafa. Nani kakwambia mimi ni mjane?"

"Wewe mwanamke ulimkataa mtu huyo akiwa hapa hapa! Hata ndizi hukumchomea!"

"Ndiyo, nilimkataa. Nilimkataa yeye. Wewe inuka kwenye kigoda hicho."

Hakuinuka. Yeyo alichomoa kijinga cha moto jikoni, akakishika chini chini, usawa wa magoti ya Baba Mkubwa, akapiga hatua. Lemayan alisimama mlangoni na hakumzuia. Mzee yule aliondoka, tukamsikia akilaani mpaka ng'ambo ya mfereji. Alikuja tena na wazee, akaja tena na jumbe wa serikali mpya, na kila mara Yeyo aliwaambia lile lile: mumewe yuko safarini. Wakachoka. Shamba likabaki mikononi mwetu, Lemayan akaoa kwa kuchelewa, mimi nikaolewa, na Yeyo akazeeka akiwa mke wa mtu ambaye hakuna aliyemwona tena.

Mara moja tu nilithubutu kumuuliza. Nilikuwa nimekwenda kumtazama, tayari nina watoto wangu, na tulikuwa tunapukuchua mahindi.

"Yeyo, ulikuwa unamngoja kweli?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza upuuzi. "Nilikuwa na maneno ya kumwambia," alisema. "Mabaya. Nimeyatunza miaka yote. Ningemwambia nani mwingine, yule kaka yake?"

Akavuta gunzi lingine, akaendelea kupukuchua.